Waliokuwa Wawili Ndani ya Ndege

Tarehe 13 Julai 1982, ndege ndogo ya mafunzo ya Jeshi la Majini la Marekani, aina ya T-34C, ilikuwa ikizunguka kwenye uwanja wa Middleton, karibu na mji mdogo wa Evergreen katika jimbo la Alabama. Zoezi lenyewe ni lile ambalo kila rubani amelifanya mpaka akalichoka. Unashuka, magurudumu yanagusa lami, unaongeza nguvu ya injini kabla ndege haijasimama, unapaa, unakata kona, unazunguka uwanja, unashuka tena. Siku hiyo ndege kadhaa zilikuwa kwenye mzunguko mmoja, zimefuatana. Baada ya kupita mara ya nne, ndege namba 3E955 ilionekana ikikata kushoto mapema kuliko ilivyotakiwa, ikawa inaiingilia njia ndege iliyokuwa mbele yake. Marubani wawili wa ndege nyingine wakatoa onyo redioni. Ndege ikalala kwa ghafla upande wa kulia kukwepa, ikapoteza kimo, ikaanguka na kuwaka moto. Waliokuwamo walikuwa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Hakupona hata mmoja.

Mwalimu alikuwa Luteni Kamanda Barbara Allen Rainey, mwenye umri wa miaka 33. Miaka minane kabla ya siku hiyo, tarehe 22 Februari 1974, alikuwa amevishwa mabawa ya dhahabu kule Corpus Christi, Texas, akawa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Jeshi la Majini la Marekani.

Jina lake nililisikia mara ya kwanza nikiwa Florida, nilipokwenda kusomea leseni ya ualimu wa urubani. Kiwanja tulichotumia hakikuwa mbali na kambi ya Whiting Field, ambako jeshi hilo huwafundisha marubani wake wa mwanzo, na kutwa nzima anga ile ilikuwa na ndege za mafunzo za rangi nyeupe na chungwa. Fundi mmoja mzee wa pale kiwanjani alizoea kutusimulia habari za ndege alizozihudumia maishani. Siku moja alinyoosha mkono kuelekea kaskazini, akasema kule Alabama ndiko alikoangukia rubani wao wa kwanza wa kike, akifundisha. Akarudi kwenye injini yake. Neno hilo, “akifundisha”, lilinikaa, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa naisomea.

Nilianza kumtafuta. Alizaliwa Agosti 1948 huko Bethesda, Maryland, katika familia ya wanamaji, akakulia katika maisha ya watoto wa wanajeshi. Alisomea California, akaingia jeshini kama afisa mwaka 1970, akawekwa kwenye kazi za ofisini, kama wanawake wengi wa wakati wake. Mlango ulifunguka kidogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Admirali Elmo Zumwalt alipokuwa mkuu wa jeshi hilo na akaamua kwamba haiwezekani kuendelea kuwaacha wanawake pembeni. Mwaka 1973 wanawake wachache wakakubaliwa kujifunza urubani. Waliofuzu wa kwanza walikuwa sita, na Barbara Allen ndiye aliyetangulia kuvishwa mabawa.

Mlango huo ulikuwa na kizingiti kirefu. Sheria ya mwaka 1948 iliwakataza wanawake kurusha ndege za vita, na kuhusu meli iliwaruhusu kufanya kazi kwenye meli za hospitali na za usafirishaji tu. Hebu fikiria rubani wa jeshi la majini asiyeruhusiwa kupangiwa kazi kwenye manowari ya kubebea ndege. Barbara alipelekwa kwenye kikosi cha usafirishaji kule Alameda, California. Akawa mwanamke wa kwanza wa jeshi hilo kuhitimu kurusha ndege ya jeti. Akaolewa na rubani mwenzake, na mwaka 1977, alipotaka kulea, aliacha utumishi wa kudumu akabaki kwenye jeshi la akiba. Huko nako hakukaa bure. Akiwa na mimba ya binti yake wa pili alihitimu kurusha C-118, ndege kubwa ya injini nne.

Mwaka 1981 jeshi lilikuwa na upungufu wa walimu wa urubani, likamrudisha kazini. Wengi hupita haraka hapa wanapoyasimulia maisha yake, maana sifa ya “wa kwanza” imekwishapatikana na kilichobaki ni kifo. Mimi ndipo ninapotaka kukaa. Kuwa wa kwanza kulimtaka ushupavu. Lakini kurudi baada ya miaka minne, mama wa watoto wawili wadogo, kwenda kukaa kwenye ndege ya mafunzo pamoja na vijana wasiojua kitu, kulimtaka jambo jingine ambalo jeshi na viwanja vya kiraia hulipa sifa kidogo mno. Ualimu wa urubani huonekana kama kituo cha kungojea kazi ya maana. Kule kwetu Kenya kijana hufundisha ili ajaze saa kwenye daftari lake, kisha aombe kazi kwenye shirika la ndege, na siku ya kuondoka hupongezwa kana kwamba ameokoka.

Ndani ya ndege mambo ni mengine. Kwenye T-34C viti hufuatana, na kwa kawaida mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma, akitazama kisogo cha kofia ya mtu ambaye uso wake hauoni. Sisi kwenye ndege za kiraia tunakaa ubavu kwa ubavu, tunapata nafuu ya kuona jicho la mwanafunzi linapotazama. Lakini kazi ni ileile. Mkono wako unaulaza pajani, karibu na usukani, bila kuugusa. Ukiugusa mapema, mwanafunzi hajifunzi, na mbaya zaidi anajifunza kwamba utamwokoa daima. Ukichelewa, basi. Kati ya mapema na kuchelewa mna sekunde chache, na kila mwanafunzi ana sekunde zake. Mwalimu mzuri huachia kosa liote kidogo, mwanafunzi alione mwenyewe, aliite kwa jina lake, alirekebishe. Ukiwa kwenye kimo cha mita 1,000 kosa lina nafasi ya kuota. Kwenye mzunguko wa uwanja, chini ya mita 300, nafasi hiyo ni finyu sana.

Na kuna hesabu ambayo hewa haimsamehei mtu yeyote. Ndege ikilala kwa kona ya nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa yanatakiwa kubeba uzito mara mbili, na mwendo ambao chini yake mabawa hayashiki tena hewa huongezeka kwa asilimia 41. Yaani mwendo uliokuwa salama ukiruka sawasawa unageuka kuwa mdogo mno ukilala. Rubani akilazimika kukata kona kali kwa ghafla, karibu na ardhi, na mwendo wake ni wa kutua, ndege inaweza kuanguka ikiwa injini yake ni nzima kabisa. Nimeyafundisha haya ubaoni mpaka chaki imeisha. Ukiyajua vizuri, unaweza kuishika habari ya Evergreen na kuimaliza kwa dakika moja: walikata mapema, wakakwepa kwa nguvu, wakapoteza mwendo, wakaanguka. Kosa la rubani.

Nilidhani nimekwisha kuijua habari, hadi nilipomtaja Rainey siku moja mbele ya dada yangu. Yeye ni wakili, na sheria aliisomea pia Marekani kwa muda.

“Rainey yupi?” akaniuliza. “Yule wa kesi ya ushahidi?”

Hakujua kwamba alikuwa rubani wa kwanza wa kike. Mimi nami sikujua kwamba alikuwa kesi. Kwa wanafunzi wa sheria wa Marekani, Beech Aircraft dhidi ya Rainey, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 12 Desemba 1988, ni kesi ya lazima, inasomwa kwenye somo la ushahidi pamoja na nyingine nyingi. Dada alinitafutia hukumu yenyewe, akanikalisha chini na kunieleza sehemu ambazo lugha yake ilinizidi.

Mgane wa mwalimu na mjane wa mwanafunzi walikuwa wameungana kuishtaki kampuni iliyounda ndege ile, pamoja na kampuni tanzu iliyoihudumia kwa mkataba wa jeshi. Hoja yao ilikuwa kwamba injini ilipoteza nguvu yenyewe, kwa hitilafu ya mfumo unaopima mafuta. Msomaji aliyewahi kupanda Cessna Caravan kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, au kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Masai Mara, amebebwa na injini ya jamii hiyohiyo, PT6 ya Pratt & Whitney Canada. Ni injini ya kuaminika sana, nami nimeitegemea bila wasiwasi. Lakini kifaa chake cha kupima mafuta huongozwa na shinikizo la hewa inayotoka kwenye injini yenyewe, na shinikizo hilo likivuja, nguvu inaweza kushuka hadi kiwango cha injini inayounguruma tu. Rubani anasukuma mkono wa nguvu mbele, na hakuna kinachojibu. Caravan imewekewa mkono wa dharura kwa ajili ya hali kama hiyo. Kampuni nayo ilijibu kwamba marubani walikosea, kwamba ndege iliishiwa mwendo wakati wa kukwepa.

Ushahidi mkubwa wa kampuni ulikuwa ripoti ya uchunguzi iliyoandikwa na afisa wa jeshi ndani ya wiki kama sita baada ya ajali. Hukumu inaeleza yaliyomo, na hapo nilisoma polepole sana. Mchunguzi aliandika kwamba kwa kuwa marubani wote wawili wamekufa na ndege imeharibika vibaya, ni karibu haiwezekani kujua hasa kilichotokea. Kisha akajenga masimulizi ya jinsi ambavyo huenda ilikuwa. Kisha akasema sababu inayoelekea zaidi ni marubani kushindwa kuweka umbali unaotakiwa kati yao na ndege ya mbele. Na bado akaongeza kwamba masimulizi hayo hayaondoi uwezekano kwamba injini ilipoteza nguvu.

Yule afisa alikuwa mwaminifu. Aliyaandika yote manne. Tatizo ni kwamba katika vinywa vya watu hubaki moja tu. “Inaelekea” hudondoka njiani, “karibu haiwezekani kujua” hudondoka mapema zaidi, na kinachofika sokoni ni kwamba mama yule alikosea. Kwa mwanamke wa kwanza kuvaa mabawa yale, neno hilo halimwangukii peke yake. Miaka 12 baadaye, Oktoba 1994, Luteni Kara Hultgreen, rubani wa kwanza wa kike wa ndege ya kivita ya F-14, alifariki baharini karibu na San Diego alipokuwa akijaribu kutua kwenye manowari ya Abraham Lincoln. Injini yake ya kushoto ilikuwa imezimika. Maneno yakavuma kwamba alipitishwa kwa upendeleo, hata mama yake mzazi akalazimika kuziweka hadharani rekodi za mafunzo ya mwanawe ili dunia ione alama alizopata. Mama anazika mtoto, na huku anabeba karatasi za mitihani.

Katika kesi ya Rainey, mume ndiye aliyebeba karatasi. Naye alikuwa mwalimu wa urubani wa jeshi hilohilo. Miezi kama sita baada ya msiba alimwandikia mchunguzi barua ndefu, akipitia ushahidi hatua kwa hatua, akieleza kwa nini anaamini injini ilipoteza nguvu. Mahakamani, mawakili wa kampuni walimsimamisha kizimbani wakamuuliza kuhusu vipande viwili vya barua hiyo, vilivyoonekana kuwasaidia wao. Kimojawapo kilisema kwamba mkewe alikuwa amejaribu kuifuta safari ile ya mafunzo, sababu mojawapo ikiwa kwamba mwanafunzi wake alikuwa amechoka. Wakili wa upande wa mume alipotaka kumuuliza kama barua hiyohiyo haikusema pia kwamba injini ndiyo iliyosababisha ajali, alipingwa, na jaji akakubaliana na pingamizi. Juri likasikia vipande, halikusikia barua. Kampuni ikashinda.

Mahakama ya Juu iliamua mambo mawili. La kwanza, ambalo ndilo linalosomwa na wanafunzi wa sheria, ni kwamba maoni na mahitimisho ya ripoti ya serikali yanaweza kupokelewa kama ushahidi, mradi yametokana na uchunguzi wa kweli na yanaaminika. Kwa hilo kampuni ilipata ilichotaka. La pili ni kwamba halikuwa jambo la haki kumsomea mtu kipande cha barua yake na kumziba mdomo asieleze kilichobaki. Kesi ikaamriwa isikilizwe upya.

Dada yangu anaona la kwanza ndilo lenye uzito, kwa kuwa limebadilisha kazi za mahakama nchi nzima. Mimi sikubaliani naye na nimemwambia. La pili ndilo lingemfaa kila mtu anayekwenda kuhani msiba. Na kile kipande cha barua kilichotumiwa dhidi ya familia, mimi nakiona ndicho kinachomweleza Barbara Rainey kuliko mabawa ya dhahabu. Alimtazama kijana wake akaona amechoka. Akataka safari isifanyike. Mwalimu anayeweza kuona hivyo ameshafanya nusu ya kazi kabla injini haijawashwa. Tangu nikisome kile kipande, siwezi kumwambia mwanafunzi “jikaze” anapofika kiwanjani macho yamemvimba. Tunakunywa chai, anarudi nyumbani, na mwenye ndege akinung'unika kuhusu saa zilizopotea, nazibeba mimi.

Miaka iliyofuata nilirudi Kenya kufundisha. Mwalimu mwenzangu, rafiki yangu sana, alianguka na mwanafunzi wake wakiwa kwenye mizunguko ya uwanja. Matanga hayajaanuliwa, na tayari kila aliyekaa kwenye mkeka alikuwa ana habari kamili. Alichelewa kushika usukani. Alikuwa anaongea na simu. Alimwachia mtoto wa watu ndege isiyo saizi yake. Wote walizungumza kwa uhakika, na kati yao hakuwepo aliyekuwa kiwanjani siku ile. Baadhi walikuwa marubani wenzetu. Sidhani walikuwa na roho mbaya. Sisi tunaoruka tunalitaka sana kosa la marehemu, kwa sababu likiwa lake, si letu, na kesho tunaweza kupanda tena kwa amani. Ndiyo maana tunalipokea upesi vile.

Mama yake aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani na kanga mbili, simu ya mwanawe mkononi.

“Mwanangu, wewe ndiwe uliyekuwa ukifanya naye kazi. Niambie. Alikosea wapi?”

Kama nisingekuwa nimesoma ile hukumu, nadhani ningempa kitu. Mtu akiwa na uchungu vile unatamani kumpa chochote, hata jibu la kubuni, angalau alishike. Nilimwambia yale tuliyoyajua, moja baada ya jingine. Ndege ilikaguliwa asubuhi. Upepo ulikuwa mwepesi. Walizunguka salama, kisha mzunguko mmoja haukukamilika. Baada ya hapo, Mama, hajui mtu. Wachunguzi wataandika, na watakapoandika nitakuja tusome pamoja, mwanzo hadi mwisho, pamoja na yale wanayosema hawana hakika nayo. Mtu akikuletea sentensi moja tu, muulize nyingine ziko wapi.

Alinyamaza, akaigeuza simu. Nilitegemea aniulize kuhusu maneno ya huko mkekani, kwa kuwa kuta zile zilikuwa nyembamba na bila shaka yalimfikia.

Ripoti ilipotoka tuliisoma kama nilivyoahidi, mimi nikitafsiri, dada yangu akifafanua. Ilikuwa na “huenda” nyingi. Mama alitaka kila moja irudiwe. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile chumbani aliponyanyua uso, aliniuliza habari ya yule kijana aliyekuwa na mwanawe, ambaye kwenye mazungumzo yetu yote ya wiki ile hakutajwa ila kama mzigo uliomponza mwalimu.

“Ana mama?”

“Anaye.”

“Naye ameelezwa hivi ulivyonieleza?”

Nikamwambia sijui kama kuna aliyekwenda. Akavaa viatu vyake, akanituma nikatafute gari.